Presha Imepanda, Je, Utumbo Umepata Damu?

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi, na saa nyingi za zamu yangu huishia kwenye pampu. Ni pampu ndogo za sindano, zimepangwa moja juu ya nyingine kando ya kitanda, kila moja ikisukuma mililita chache za dawa kwa saa. Ukiongeza kidogo noradrenalini, dawa ya kubana mishipa ili kupandisha presha, namba ya presha kwenye skrini inapanda ndani ya dakika chache; ukiipunguza, inashuka. Sindano ikiisha na nyingine haijawekwa tayari, presha inaporomoka kabla hujamaliza kufungua pakiti. Ndiyo maana sindano mpya huanza kusukumwa kabla ya ile ya zamani kuondolewa. Kwa hiyo namba ile tunaiheshimu sana. Tatizo ni kwamba skrini haina mstari hata mmoja unaohusu utumbo, na utumbo ndio kiungo ninachokihofia kuliko vyote mgonjwa anapokuwa kwenye shoki, yaani mzunguko wa damu unaposhindwa kuvilisha viungo.

Mtu mzima aliyetulia, moyo wake husukuma kama lita tano za damu kwa dakika. Karibu robo yake hupita kwenye tumbo, utumbo, wengu, kongosho na ini. Ni fungu kubwa, na kwa sababu ni kubwa, mwili unapoishiwa ndiko unakoanzia kubana matumizi. Mtu akivuja damu sana, au sepsisi, yaani maambukizi yaliyouvuruga mwili mzima, ikiilegeza mishipa yote, neva na homoni huibana mishipa ya utumbo ili moyo na ubongo visikose. Adrenalini ya mwili wenyewe, anjiotensini, vasopresini, vyote huvuta upande huo mmoja. Haya hutokea mapema, wakati presha ya mkononi bado inasomeka vizuri. Ukiona presha imeanza kushuka, utumbo ulishaanza kulipa deni zamani.

Kuna jambo moja la maumbile linalofanya hali iwe mbaya zaidi. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umejaa vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula. Ndani ya kila kinyweleo, mshipa unaopandisha damu na ule unaoishusha hupita bega kwa bega. Oksijeni huvuka kutoka mshipa unaopanda hadi unaoshuka kabla haijafika kileleni, kama ndoo ya maji inayopitishwa dirishani kwa jirani kabla haijafika mwisho wa korido. Damu ikiwa nyingi na ya kasi, kinachovuja hakiumizi. Damu ikipungua mwendo, kilele cha kinyweleo kinabaki na njaa ya oksijeni hata kama damu bado inapita kwenye mshipa mkubwa. Na seli za pale ndizo zinazotuzuilia bakteria wa ndani ya utumbo wasiingie mwilini. Kwa kawaida hujibadilisha zote kila baada ya siku tatu hadi tano, kazi inayohitaji nguvu nyingi.

Mwaka 1986 Jonathan Meakins na John Marshall waliandika kwamba utumbo ndio mota ya kuharibika kwa viungo vingi kwa pamoja. Walimaanisha kwamba mgonjwa anaweza kuletwa kwa ajali au nimonia, lakini kinachoendelea kumwangusha, figo leo, mapafu kesho, ni utumbo uliopoteza ulinzi wake. Mjadala kuhusu njia hasa ya madhara hayo haujaisha. Wapo wanaosema ni bakteria, wapo wanaosema ni kemikali za uvimbe zinazopita kwenye limfu. Lakini hoja ile ilifanya swali moja lionekane la lazima: kama utumbo uliokosa damu ndio unaowasha moto, je, hatuwezi kuupa dawa ya kurudisha damu yake?

Swali hilo limechukua miaka mingi ya watu wenye akili na nia njema, na mimi ninayetekeleza maagizo kitandani nimeishi na masalia yake. Dopamini ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Mishipa ya figo na ya utumbo ina vipokezi vya dopamini, yaani sehemu za seli ambazo dawa hiyo hujishikiza, na dawa hii ikitolewa kwa dozi ndogo, mikrogramu moja hadi tatu kwa kila kilo kwa dakika, mishipa hiyo hutanuka. Kwa mtu mzima mwenye afya jambo hilo ni kweli, linapimika. Basi ikawa desturi: mgonjwa akiwa kwenye shoki, anatundikiwa noradrenalini ya presha na pembeni yake dopamini kidogo "ya kulinda figo na utumbo". Mkojo uliongezeka, na kila mtu akafurahi kuuona mfuko unajaa.

Mwaka 1994 Paul Marik na mwenzake waliwachukua wagonjwa 20 wa sepsisi, wakawapa baadhi dopamini na wengine noradrenalini, wakipandisha presha ifike kiwango kimoja. Walipopima hali ya ukuta wa ndani wa tumbo, kwa waliopata noradrenalini ilikuwa imepata nafuu. Kwa waliopata dopamini ilikuwa imezidi kuwa mbaya. Yaani dawa iliyosifiwa kwa kutanua mishipa ya utumbo ndiyo iliyouacha ukuta wa ndani na hali duni ya oksijeni. Inawezekanaje? Kutanua mshipa mkubwa ni jambo moja, na damu kufika kwenye kilele cha kinyweleo ni jambo jingine. Dawa inaweza kuongeza jumla ya damu inayoingia kwenye utumbo huku ikiipitisha kwenye misuli ya ukuta na kuuacha utando wa ndani. Inaweza pia kuufanya utando wenyewe utumie oksijeni nyingi zaidi ya ile iliyoletwa.

Wagonjwa 20 ni wachache, na utafiti mmoja mdogo hautoshi kubadili desturi. Lakini mwaka 2000 kundi la Rinaldo Bellomo lilichapisha jaribio la wagonjwa 328 kutoka wodi za wagonjwa mahututi (ICU) za Australia, Nyuzilandi na Hong Kong. Nusu walipewa dopamini ya dozi ndogo, nusu maji matupu ya chumvi, na hakuna aliyeambiwa ni nani kapewa nini. Figo hazikupona zaidi kwa kundi lolote. Mwaka 2010 likaja jaribio kubwa zaidi, lililoongozwa na Daniel De Backer, wagonjwa 1,679 wa shoki. Vifo havikutofautiana kwa kiwango cha kutegemewa, ila mapigo ya moyo yaliyoharibika yaliwapata asilimia 24.1 ya waliopewa dopamini na asilimia 12.4 ya waliopewa noradrenalini. Baada ya hapo ni vigumu kuitetea dopamini kama dawa ya kwanza. Miongozo ya sepsisi ya kimataifa inaitaja noradrenalini kuwa ya kwanza, na dozi ndogo ya dopamini ya kulinda viungo imekataliwa waziwazi.

Nimekaa sana kwenye dopamini kwa sababu kosa lake la msingi hurudi kila dawa mpya ikija. Mtu anaona kipokezi kwenye mshipa wa utumbo, anapata dawa inayokigusa, anapima damu ya mshipa mkubwa, anaona imeongezeka, na anatangaza ushindi. Mgonjwa hajaulizwa.

Dopeksamini ilitengenezwa kwa mantiki hiyohiyo, kutanua mishipa ya utumbo na figo bila kuibana mingine. Majaribio madogo ya awali yalitia matumaini hasa kwa wagonjwa wa upasuaji mkubwa. Jaribio la hospitali nyingi za Ulaya lililochapishwa mwaka 2000, wagonjwa 412, halikuonyesha kwamba dawa hiyo iliokoa maisha zaidi.

Dobutamini ina hadithi ndefu kidogo. Hii inaongeza nguvu ya moyo wenyewe, na moyo ukisukuma zaidi, utumbo nao unapata fungu lake. Kwa dozi ndogo, kama mikrogramu tano kwa kilo kwa dakika, tafiti kadhaa ndogo zimeonyesha utando wa tumbo ukipata nafuu, hata pale ambapo presha haikubadilika. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake umechoka kweli, naipenda dawa hii. Lakini wakati fulani ilisukumwa mbali mno. Kulikuwa na wazo kwamba waliopona shoki walikuwa na oksijeni nyingi kwenye mzunguko kuliko kawaida, kwa hiyo kila mgonjwa asukumwe afike kiwango hicho. Mwaka 1994 Michelle Hayes na wenzake waliligawa kundi la wagonjwa 100: nusu walipewa dobutamini hadi wafikie viwango hivyo vya juu, nusu walitibiwa kawaida. Waliokufa hospitalini walikuwa asilimia 54 ya wale waliosukumwa na asilimia 34 ya wale wengine. Kila nikisoma namba hizo nasikia uzito wake, kwa sababu ni watu walioletwa wakiwa hai, wakapewa dawa kwa nia ya kuwapa viungo vyao oksijeni zaidi.

Adrenalini na vasopresini ziko upande mwingine wa mzani. Nazo hupandisha presha vizuri sana. Adrenalini ya dozi kubwa imeonekana katika tafiti ndogo kupunguza damu ya utumbo ikilinganishwa na mchanganyiko wa noradrenalini na dobutamini. Tatizo ni kwamba inapandisha pia laktati, asidi ya kwenye damu tunayoitazama kama ishara ya viungo kukosa oksijeni, kwa njia yake yenyewe, kwa kuharakisha uchomaji wa sukari, kiasi kwamba laktati ikipanda huwezi kujua kama ni utumbo unaolia au ni dawa. Hata hivyo jaribio la Djillali Annane la mwaka 2007, wagonjwa 330, halikuona tofauti ya vifo kati ya adrenalini peke yake na mchanganyiko ule, kwa hiyo mahali ambapo adrenalini ndiyo iliyopo, hakuna sababu ya kumnyima mgonjwa. Vasopresini inaibana mishipa ya utumbo kwa nguvu ikizidi. Katika jaribio la mwaka 2008 la wagonjwa 778, dozi ndogo isiyozidi uniti 0.03 kwa dakika haikuleta madhara ya utumbo zaidi ya noradrenalini. Dozi ndiyo yote hapa. Nikiona agizo linalotaka kupita hapo, nampigia daktari kabla sijagusa pampu.

Na noradrenalini yenyewe? Watu wengi hudhani inaminya utumbo tu, na ndugu wa wagonjwa waliosoma mtandaoni hutuuliza hivyo. Inategemea umeanzia wapi. Mgonjwa wa sepsisi ambaye presha yake ya wastani (wastani wa pigo zima la moyo, kwa milimita za zebaki) ni 45 hana msukumo wa kutosha kupeleka damu popote. Ukimpandisha hadi 65 kwa noradrenalini, utumbo wake una nafasi kubwa zaidi ya kupata damu, ingawa dawa yenyewe inabana mishipa. Ila faida ina kikomo. Mwaka 2000 David LeDoux na wenzake waliwapandisha wagonjwa kumi wa sepsisi kutoka 65 hadi 75 hadi 85 kwa noradrenalini, wakapima kaboni dioksidi ya ukuta wa tumbo la chakula, na hakikubadilika chochote cha maana. Namba ilipendeza, tumbo halikujua. Mwaka 2020 Uingereza ilichapisha jaribio la wagonjwa 2,600 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ambapo kundi moja liliachiwa presha ya wastani ya 60 hadi 65 ili wapewe dawa kidogo. Vifo ndani ya siku 90 vilikuwa asilimia 41.0 kwao na asilimia 43.8 kwa wale wa matibabu ya kawaida. Tofauti hiyo haitoshi kusema imeokoa watu, lakini haikuonekana kwamba kupewa dawa kidogo kuliwadhuru.

Nimezungumzia kupima ukuta wa tumbo kana kwamba ni jambo rahisi. Kwa miaka kadhaa lilikuwa na kifaa chake. Mpira wa puani wa kawaida uliwekewa puto dogo la silikoni karibu na ncha, puto likajazwa maji ya chumvi na kukaa ndani ya tumbo. Utando unapokosa oksijeni unazalisha kaboni dioksidi, gesi hiyo inapenya hadi ndani ya puto, na baada ya muda unayatoa maji yale na kuyapima maabara. Ulihitaji subira, kuvuta kwa usahihi na kutopoteza hewa kwenye bomba. Mwaka 1992 Guillermo Gutierrez na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 260, wakatumia namba ya puto kuongoza maji na dawa. Miongoni mwa walioingia wakiwa na namba nzuri, asilimia 58 ya walioongozwa na puto walipona, dhidi ya asilimia 42 ya wasioongozwa. Matumaini yalikuwa makubwa. Majaribio yaliyofuata hayakuyathibitisha, na kifaa kikatoweka wodini. Naona ni hasara. Huenda puto lilikuwa likisema kweli, na sisi hatukuwa na dawa ya kulijibu.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha suala lote. Tumekuwa tukitafuta dawa ya utumbo kwa namna tunavyotafuta dawa ya kisukari, moja inayolenga kiungo kimoja. Utumbo haukosi damu kwa sababu umepungukiwa dopamini. Unakosa kwa sababu mzunguko mzima umeyumba: maji hayatoshi au yamezidi, moyo umechoka, mishipa imelegea, au sisi wenyewe tumeibana kwa dozi kubwa. Dawa bora ya damu ya utumbo, kwa ninavyoona mimi, ni kurekebisha hayo na kisha kushusha dawa za presha mara tu zinapoweza kushushwa. Kushusha ndiko tunakokuchelewesha. Presha ikitulia saa mbili usiku, watu huiacha ilivyo hadi raundi ya asubuhi "ili tusimsumbue mgonjwa". Hizo ni saa kumi na mbili za kuminya mishipa bila sababu. Pampu naipunguza kidogo, nasubiri, naangalia, napunguza tena.

Maji nayo yana mtego wake. Mgonjwa aliyejazwa dripu kupita kiasi huvimba ndani ya tumbo, na tumbo linapobana, shinikizo lake hupunguza msukumo unaofika kwenye utumbo. Tunalipima kupitia kibofu cha mkojo, mililita chache za maji ya chumvi kwenye katheta na kipimo kilichopangwa sawa na mstari wa kwapa. Zikifika milimita 12 za zebaki tunaanza kuchukua hatua; zikizidi 20 na kiungo kikaanza kushindwa, tunawaita wapasuaji. Msukumo halisi wa tumbo ni presha ya wastani ukitoa namba hiyo. Presha ya 65 yenye tumbo la 20 ni 45 tu. Hakuna dozi ya dawa itakayofidia hesabu hiyo vizuri kama kuondoa maji yaliyozidi.

Kisha kuna chakula, ambacho ndicho ndugu wa mgonjwa huuliza kwanza. Binti mmoja aliniuliza akiwa amesimama mlangoni: "Dada, mama hajala tangu alazwe. Mnamwacha tu na njaa?" Nilimwambia: "Hatujamwacha, mdogo wangu. Dawa inayomshikilia presha bado iko juu. Nikimpa chakula sasa, utumbo utadai damu ambayo hauna. Ikishuka kidogo, nitaanza mimi mwenyewe kumlisha, taratibu." Sikuwa namliwaza. Jaribio la Ufaransa la mwaka 2018, wagonjwa 2,410 waliokuwa kwenye shoki na mashine ya kupumulia, liliwalisha nusu mapema kupitia mpira na nusu kupitia mshipa. Utumbo ulikosa damu kwa wagonjwa 19 wa kundi la mpira na watano wa kundi la mshipa. Mwaka 2023 kundi hilohilo la watafiti lilionyesha kwamba kwa wagonjwa kama hao, chakula kidogo siku za mwanzo, kilokalori 6 kwa kilo kwa siku badala ya 25, kilipunguza kutapika, kuharisha na hatari ya utumbo kukosa damu. Mimi simlishi kikamilifu mtu ambaye noradrenalini yake bado inapandishwa.

Kuna pahali pamoja ambapo dawa ya kutanua mishipa ya utumbo inatumika kweli, na ni pahali pa dharura. Wapo wagonjwa ambao utumbo wao unakufa bila damu kuganda popote, mishipa imejikaza tu. Mgonjwa wa aina hii mara nyingi amelazwa usingizi, hawezi kusema anaumwa. Dalili ni tumbo linalozidi kuwa gumu, chakula kinachorudi kwenye mpira, laktati isiyoshuka, noradrenalini inayohitajika zaidi bila sababu nyingine. Akipelekwa kupigwa picha ya CT kwa haraka na mishipa ikaonekana imekonda, kuna wataalamu wanaopitisha katheta hadi kwenye ateri kubwa ya utumbo na kutiririsha papaverini, miligramu 30 hadi 60 kwa saa, huku dawa za presha zikipunguzwa kadiri inavyowezekana. Ushahidi wake ni mkusanyiko wa wagonjwa mmojammoja, si majaribio makubwa. Lakini hapa dawa inapelekwa kwenye mshipa wenyewe, kwa tatizo lililoonekana kwa picha, na hilo ni tofauti kabisa na kumtundikia kila mgonjwa dripu ya kubahatisha.

Ninachokitaka kwa watafiti ni kitu kimoja. Majaribio ya dawa za presha huhesabu vifo, mapigo ya moyo na figo. Utumbo huwekwa kwenye jedwali la madhara, mara nyingi kama idadi ndogo ya waliopasuliwa. Wahesabu pia siku ngapi mgonjwa aliweza kulishwa bila kurudisha, shinikizo la tumbo kila siku, na dawa zilishushwa baada ya saa ngapi tangu presha ilipotulia. Vyote hivyo tunaviandika tayari kwenye chati za zamu, kila saa, kwa kalamu. Havihitaji kifaa kipya. Vinahitaji mtu wa kuvisoma.